Kisima kimekaa upande sio

Siku ya tatu ya kupaka rangi ndo alikuja. Bibi mmoja na fimbo yake, akasimama nyuma yetu muda mrefu tu hasemi kitu, sisi tuko juu ya ngazi tunajaza kijani cha ule mti mkubwa, na pembeni ya mti tulishachora kisima, kizuri kweli, kina mdomo wa mawe na ndoo inaning'inia kwenye kamba. Akasema, "Wanangu, kisima kimekaa upande sio." Mwenzetu mmoja akamjibu kwa heshima kabisa, "Bibi, hii ni sanaa tu, siyo ramani." Bibi akaangalia ukuta, akaangalia ile ndoo, akatikisa kichwa, akaondoka zake.

Lile jibu lilininyima usingizi. Maana kwenye karatasi ya kuombea hela tulikuwa tumeandika kwamba mchoro utawasaidia wakazi kujitambua wao ni nani na ni wa wapi, maneno makubwa makubwa, na mimi ndo niliyeyaandika, halafu mkazi wa kwanza kufungua mdomo atuambie mahali pake palikuwaje tukamnyamazisha. Kwa upole, sawa, lakini tulimnyamazisha.

Kesho yake akarudi, na safari hii kaja na wenzake wawili wa rika lake. Wakaanza kubishana wao kwa wao pale mbele ya ukuta, wala hawakutujali. Mmoja anasema kisima kilikuwa kushoto, pale njia inapokata kona. Wa pili anasema vilikuwa viwili, cha kwanza kilikauka kikafukiwa ndo kikachimbwa cha pili. Wa tatu, mzee mmoja mkimya, akasema kisima hakikuwa na mawe mwanzoni, kilikuwa na mbao tu, mawe yaliwekwa baada ya mtoto kutumbukia. Basi kimya. Mtoto gani? Wakatazamana, halafu Bibi akanyoosha fimbo kwa dada mmoja aliyekuwa anatusaidia kukoroga rangi, akasema, "Mama yake huyu." Yule dada alikuwa kashika mkebe wa bluu, amezaliwa palepale, amekulia palepale, na hajawahi kuambiwa kwamba mama yake alitolewa kisimani mzima kwa kamba ya ndoo.

Siku ile hatukupaka tena. Tulikaa chini tukawasikiliza mpaka jua linazama, watu wanaongezeka, kila anayepita anasimama na ana lake la kusema. Tukafuta kisima tukakihamisha, mdomo tukauchora wa mbao, na kile cha zamani kilichofukiwa tukakiwekea duara hafifu tu la udongo, ambalo asiyejua hawezi kuliona na anayejua analiona mara moja.

Na kuanzia hapo mambo yakabadilika kabisa. Kabla ya hapo watu walikuwa wanapita, wanasema hongereni, kazi nzuri, wanaenda. Yaani walikuwa wanatusifia kama unavyomsifia mgeni. Baada ya kisima kuhama, hakuna aliyetusifia tena, wakaanza kutukosoa! Kengele ile haikuning'inizwa hivyo. Geti lilikuwa jekundu, nani kawaambia la kijani. Yule fundi alikuwa anakaa amegeuka upande huu kwa sababu jicho moja halikuwa linaona. Nimewahi kufanya kazi za kulipwa ambazo kila mtu alizisifia na hakuna ninayoikumbuka kwa mapenzi kama hii iliyosahihishwa na kila mtu.

Nasema haya kwa sababu tangu siku ile kuna kitu kimoja nakiamini na nakitetea popote watu wanapozungumzia sanaa ya jamii. Utajua mtu ni wa mahali fulani ukiona anaruhusiwa kuisahihisha picha ya mahali hapo, anasema hapana haikuwa hivyo, na brashi inamsikia. Sura yake kuchorwa ukutani ni jambo dogo sana kwenye hili, sura ya mtu unaweza kuichora hata kutoka kwenye simu hujawahi kukutana naye.

Lugha yetu yenyewe inalijua hili. Tunaulizana "wewe ni wa wapi?" na jibu lake ni tofauti kabisa na jibu la "unakaa wapi?", mtu anaweza kukaa mahali miaka 30 na bado akiulizwa yeye ni wa wapi anataja kwingine. Na neno mwenyeji, ukilisikiliza taratibu, unamsikia mwenye mji mle ndani. Mwenye! Yaani mtu mwenye mamlaka fulani, mwenye kauli. Sasa ukimwita mtu mwenyeji halafu kwenye mchoro wa mji wake hana kauli, umempa jina tupu.

Mfano ambao huwa nauwaza sana ni wa District Six, Cape Town. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ya makaburu ilitangaza eneo lile ni la wazungu peke yao, na miaka iliyofuata watu zaidi ya 60,000 wakaondolewa, nyumba zikabomolewa, majina ya mitaa yakabaki vichwani mwa watu. Mwaka 1994 wenyewe waliofukuzwa na watoto wao na waliosimama nao wakafungua makumbusho ndani ya kanisa la zamani, na pale sakafuni wakatandika ramani kubwa ya mitaa yao ile iliyofutwa. Watu walikuwa wanakuja, wanapiga magoti, wanaandika kwa mkono jina la familia pale nyumba ilipokuwa. Hebu fikiria mtu mzima anatambaa sakafuni anatafuta kona ya mtaa wake, anahesabu milango kwa kidole. Kulikuwa na vitambaa pia, unaandika jina lako au kumbukumbu yako kwa kalamu, halafu maandishi yako yanashonewa kwa uzi juu yake yasifutike. Wala hakuna msanii aliyehitaji kukaa ofisini kubuni District Six ilikuwa ni nini. Ramani iliachwa na nafasi wazi, na wenyewe wakaijaza.

Hapo ndo naona ufundi wa msanii wa jamii ulipo, kujua wapi pa kuacha wazi. Na ni ufundi mgumu jamani, kwa sababu tumefundishwa kumaliza, tumefundishwa kwamba kazi yenye pengo ni kazi mbovu.

Au chukua Kamiriithu, kule Limuru, Kenya, mwaka 1977. Waandishi wawili walipeleka rasimu ya mchezo wa kuigiza kwa Kikuyu, na wanakijiji, wakiwemo vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa viwandani, wakaanza kuisahihisha. Mzee haongei hivi, wimbo wa sherehe hauendi hivi, maisha ya kiwandani hayako hivi, na waandishi wakarekebisha. Mazoezi yalifanyika wazi kila mtu anaona, na jukwaa watu walilijenga kwa mikono yao wenyewe. Mchezo ulianza Oktoba, Novemba kibali kikafutwa, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa na polisi. Mimi nikitafakari kwa nini serikali iliogopa hivyo, sidhani ni maneno ya mchezo tu, maneno makali yalishaandikwa kwenye vitabu kabla ya hapo na vilikuwa vinauzwa. Waliona watu ambao siku zote wanaambiwa wao ni nani, sasa wamekaa kwenye benchi wanaamua wenyewe.

Kuna watu wanadhani kazi ya namna hii lazima iwe ya amani, watu washikane mikono watabasamu. Hapana. Chicago mwaka 1967 kundi la wasanii weusi lilichora ukuta mtaa wa South Side, ukuta wa jengo bovu tu, wakauita Wall of Respect, yaani Ukuta wa Heshima, wakaweka mashujaa wao, Malcolm X, Muhammad Ali, wanamuziki, waandishi. Watu wa mtaa waliupenda wakaulinda, na michoro ya kuta za mitaa Marekani nzima inahesabu ukuta ule kama mama yake. Lakini hata pale waligombana, sehemu ya msanii mmoja ilifutwa ikachorwa upya na mwingine bila ridhaa yake, maumivu yakabaki miaka. Mwaka 1971 jengo likaungua na baadaye likabomolewa, kwa hiyo leo hata ukienda hutauona. Nikisoma habari ya lile fundo nasikitika kwa yule aliyefutwa, kweli nasikitika, lakini pia naona kwamba ukuta ambao hakuna anayeugombania ni kwa sababu hakuna anayeuhesabu ni wake.

Los Angeles walifanya kwa njia nyingine. Msanii Judy Baca alianza mwaka 1976 kuchora kwenye ukuta wa mfereji mkubwa wa kuzuia mafuriko, kazi ikaenda miaka na miaka mpaka ikafika kama mita 840, na waliochora ni vijana zaidi ya 400, wengi wao walishakuwa na kesi na sheria. Walikaa na wanahistoria na wazee wakasikiliza kwanza, na wakachora California ambayo haikuwa vitabuni mwao, wenyeji wa asili, Wamexico waliofurushwa, Wajapani wa Marekani waliofungiwa kambini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vijana wa makundi ambayo mtaani yalikuwa hayapikiki chungu kimoja wakawa wanachanganya rangi kwenye ndoo moja.

Na kuna lile blanketi la kumbukumbu ya waliokufa kwa UKIMWI, lilianzia San Francisco mwaka 1987. Sheria yake kubwa moja tu: kila kipande ni futi 3 kwa futi 6, kama ukubwa wa kaburi. Basi. Ndani ya vipimo hivyo shona utakavyo, weka shati lake, weka barua, weka jina kamili au herufi moja kama familia inaogopa. Lilipotandikwa Washington Oktoba mwaka uleule lilikuwa na vipande 1,920, siku hizi vimefika kama 50,000 na uzito wake ni tani 54. Wakati ule kuna familia zilikataa hata kuzika watu wao. Marafiki ndo walioshona, na kwa kushona wakasema huyu alikuwa wetu. Mtu alikataliwa na ukoo na akapokelewa na kitambaa, hii huwa inanitoa machozi kila nikiifikiria na wala sioni aibu kuisema.

Sasa niseme kinachoniudhi. Neno ushirikishwaji limekuwa kama muhuri. Mradi unakuja, mchoro ulishachorwa mbali huko kwenye kompyuta, watu wanaitwa mkutano mmoja, wanasaini karatasi ya mahudhurio, wanaulizwa mnapenda rangi gani, wanapigwa picha wameshika brashi ambazo hazijachovywa, na ripoti inaandikwa kwamba jamii ilishirikishwa kikamilifu. Nilishafanya kazi kwenye mradi wa hivyo, siutaji jina, na tulipomaliza ukuta ule ulibandikwa matangazo ndani ya wiki mbili. Hakuna aliyeuliza nani kabandika. Kuta ambazo watu wamezisahihisha huwa hazibandikwi ovyo, jaribu uone mama wa jirani atakavyokutokea.

Na kuna la pili ni zito zaidi, kwamba mchoro mzuri unavuta watu wenye hela, wanakuja kupiga picha, wanapapenda, wanapanga, kodi inapanda, na mwisho wa siku sura za wenyeji zimebaki ukutani na wenyewe wamehama. Hilo sina jibu lake rahisi. Ila namheshimu sana Rick Lowe wa Houston, kwa sababu alilikabili kwa vitendo. Mwaka 1990 hivi alikuwa anachora michoro mikubwa inayoonyesha shida za watu wake, mwanafunzi mmoja wa sekondari akamwambia ukweli, kwamba shida zao wanazijua hawahitaji kuonyeshwa, kama wewe ni msanii mbunifu kwa nini usibuni suluhisho. Mtoto wa shule! Angeweza kumjibu ile ya kwetu, hii ni sanaa tu. Badala yake mwaka 1993 yeye na wasanii wenzake wakachukua nyumba 22 ndogo zilizopangana kwenye mtaa wa Third Ward, zilizokuwa zinaoza, wakaanza kuzikarabati, nyingine zikawa za kuonyeshea sanaa, nyingine zikawa makazi ya mama vijana wanaolea watoto peke yao huku wanasoma. Liverpool nako, mitaa minne ya Granby, wakazi walishaanza wenyewe kupanda maua na kupaka rangi nyumba zilizopigwa mbao, wakaunda chombo chao cha kumiliki ardhi, na kundi la wabunifu wa majengo la Assemble lililoungana nao likapata tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2015. Sehemu zote mbili kuna funguo na hati. Ukitaka sura ya mtu ibaki ukutani, na paa lake libaki.

Nirudi kwenye ukuta wetu maana kuna sehemu sijaisema, na ndo ngumu kuliko zote.

Wiki ya pili, tukiwa tumenogewa na stori za kisima na kengele na geti, kijana mmoja mpangaji aliyekuwa anapita kila jioni akitoka kazini akasimama akauliza, "Na sisi tuliohamia tunakaa wapi hapo?" Wazee wakamjibu fasta, "Ninyi ni wageni." Hawakumtukana, walisema kama mtu anavyosema leo ni Jumanne. Akauliza tena, "Mpaka lini?" Na hapo hakuna aliyemjibu.

Mimi nilikuwa nimefurahi sana na ule usahihishaji mpaka sikuona kwamba umeshajenga mlango, na mlango una bawabu. Kila tulichochora kilihitaji uwe ulikuwepo zamani. Ukiwa ulifika mwaka juzi, hukumbuki kisima, huna cha kusahihisha, kwa hiyo huna neno. Niliyoyaona mazuri kwa Bibi ndo hayohayo yaliyomfungia yule kijana nje.

Tulibishana siku nne. Kuna waliotaka wapangaji wachorwe kama kundi moja kwa mbali, vivuli hivi, na nashukuru Mungu wazo hilo lilikufa. Mwisho tukakata chini ya ukuta mzima utepe wa kama nusu mita, usawa wa mtoto, tukasema kila aliyehamia achore mwenyewe kitu kimoja alichofika nacho siku ya kwanza. Hakuna kuchorewa. Basi likaja godoro lililokunjwa na kamba. Beseni. Redio haina antena. Mtoto mgongoni. Viatu vya ndugu aliyemwazima akaombee kazi. Mmoja alichora mkono wazi tu, mtupu, akasema ndo nilichokuja nacho. Na yule kijana akachora ufunguo wa nyumba aliyoiacha kwao, ambao bado anatembea nao mfukoni ingawa nyumba yenyewe ilishauzwa. Alichora meno yake yote, akiutoa mfukoni kila mara kuulinganisha.

Mzee yule wa mbao za kisima hakukubali mpaka mwisho. Alisema huo utepe unaharibu ukuta, na bado anasema hivyo, na tumeacha aseme kwa sababu na yeye ukuta ni wake. Bibi hakusema kitu kuhusu utepe. Ila siku ya mwisho alikuja, akainama kwa shida akishikilia fimbo, akatazama lile beseni kwa muda, akauliza ni la nani. Mwenye beseni akajitokeza. Bibi akamwambia hata yeye alifika pale na beseni, ameolewa, ana miaka kumi na tisa, na hakuna aliyemwita mwenyeji mpaka alipozaa wa tatu. Hatukujua! Mtu tuliyemchukulia kama shina la mahali pale kumbe naye alifika.

Mvua za juzi zimebabua rangi sehemu mbili, chini karibu na ufunguo na juu pale kwenye njia inayokata kona. Nimeona meseji kwenye grupu, siyo mimi niliyeanza wala wasanii wenzangu, ni yule kijana mpangaji anauliza nani ana ile rangi ya udongo ya duara la kisima cha zamani kwa sababu imetoka na yeye Jumamosi hana kazi. Akajibiwa na mjukuu wa Bibi kwa sauti, sauti yenyewe ni ya Bibi, anamwambia asiguse mpaka yeye afike, maana mara ya kwanza lile duara tulilichora dogo.